Goti la Bi Taratibu

Bi Taratibu na mkwewe walikuwa hawasemezani, na msomaji asije akadhani waligombana. Walipendana sana. Ila tangu siku alipomwoa bintiye, yule kijana hakuwahi kumkazia macho mama mkwe, wala mama mkwe hakuwahi kumwelekezea neno yeye mwenyewe. Ndivyo kila mmoja alivyolelewa kwao. Neno likihitajika lilipitia kwa mjukuu, mtoto wa kike wa darasa la pili, waliyembandika jina la Kasuku kwa ajili ya kazi hiyo.

"Kasuku, mwambie baba yako chai inapoa."

"Baba, bibi anasema chai inapoa."

"Mwambie bibi naja, namalizia mkono wa kochi."

Na wote watatu wamo chumba kimoja! Kasuku akiwa shuleni, ujumbe ulipitia chochote kilichokuwa karibu. "Wewe paka, hivi mwenye nyumba hajui kuwa mkaa umekwisha?" Na mwenye nyumba, misumari midogo ameibana midomoni, humjibu paka kwamba mkaa utaletwa jioni. Majirani walicheka mpaka wakachoka, mwisho wakazoea.

Mkwe huyo alikuwa fundi makochi. Kazi yake aliifanyia barazani, nywele zake daima zimenasa vipande vya sponji. Mkewe, binti wa Bi Taratibu, alifariki akamwachia Kasuku. Bi Taratibu alikuja kwenye msiba akiwa na kifurushi kimoja cha nguo. Msiba ulipokwisha alikifunga akikusudia kurudi kwake, akamwona Kasuku amekaa mlangoni na soksi mbili zisizofanana, akakifungua tena na kwenda jikoni kuosha vyombo. Hakuna aliyemuuliza atakaa mpaka lini. Fundi aliyatoa makochi ya wateja kwenye chumba cha nyuma, akaweka kitanda.

Kwa muda sasa mama huyu alikuwa na maradhi mawili, au ndivyo alivyohesabu mwenyewe. La kwanza ni tumbo. Lilimkata, likajaa, likamfanya asimame ameshika meza huku akimtaja Mungu, kisha baada ya siku moja au mbili likaachia lenyewe kama fundo lililolegea. La pili ni mguu wa kulia. Hayo mawili yalikuja pamoja na kuondoka pamoja kama mapacha, lakini hakuna tabibu aliyeambiwa hivyo, maana tumbo alikwenda kulilalamikia duka la dawa, na mguu akaulalamikia zahanati. Dukani alipewa dawa ya kuendesha. Zahanati alipewa mafuta ya kuchua, yanayonuka peremende mpaka barazani.

"Ni wapi panauma, mama?" tabibu wa zahanati alimuuliza siku ile.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkoba wake, kama alivyomsindikiza kila mahali. Bi Taratibu akaonyesha goti.

Haukuwa uongo. Maumivu yale yalikuwa na njia yake. Yalianzia juu, ndani ya paja, mahali ambapo hata marehemu mumewe alipataja kwa kuzungukazunguka, yakateremka mpaka gotini. Yeye alitaja mwisho wa njia, na mwanzo wake akaufunika kwa kanga. Paja halitajwi mbele ya mkwe. Afadhali goti lichuliwe bure, lizoee.

Asubuhi moja Kasuku alikwisha kwenda shule na Bi Taratibu alikuwa akikoroga uji. Tumbo lililomsumbua tangu juzi likamkamata tena. Safari hii halikukata tu, lilisokota. Lilipanda, likapumzika, likapanda tena. Kijasho chembamba kikamtoka. Alikaa chini kando ya jiko, akakunja mguu wa kulia kifuani kama afanyavyo siku zote ili kupata nafuu, na kabla hajavuta ndoo akatapika palepale.

Fundi alisikia. Aliingia, akaangalia ndoo badala ya kumwangalia mama mkwe. Matapishi yalikuwa ya kijani, na haikuwa mara ya kwanza tangu jana yake. Yale ya kwanza mama aliyamwaga kimyakimya.

"Paka," Fundi alisema, "mwambie mama tunakwenda hospitali."

Paka alikuwa amelala juu ya gunia la sponji, hana habari.

"Paka, mwambie baba Kasuku ni tumbo tu. Litaachia."

Fundi aliivuta ndoo kando.

"Mwambie na marehemu mama Kasuku alisema hivyohivyo."

Bi Taratibu alinyoosha mkono atafutiwe kanga yake safi.

Hospitali walimlaza kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa, kitanda cha pembeni chenye pazia la kijani lililochoka. Muuguzi alikuwa mama mnene, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Alimwekea dripu, akampitishia mpira puani mpaka tumboni, na maji ya kijani yakaanza kuteremkia kwenye mfuko. Daktari alikuwa kijana mfupi ambaye ndevu zake bado zilikuwa zinatafuta pa kuota. Bi Taratibu alimtazama akaona ni rika la wajukuu zake wakubwa, akavuta kanga. Lakini alipenda jambo moja: kabla ya kumgusa tumbo, kijana yule alisugua viganja vyake vipate joto.

"Uliwahi kupasuliwa, mama?"

"Sijawahi. Watoto wote nimezaa mwenyewe."

"Wangapi?"

"Saba. Na kunyonyesha nimenyonyesha wote."

"Hongera. Choo umepata lini?"

Bi Taratibu alimgeukia muuguzi. "Sista, mwambie ni tangu juzi."

"Na upepo unatoka?" daktari akauliza.

"Mwambie hautoki."

"Jamani, mama!" muuguzi akasema. "Mimi leo nimekuwa simu? Daktari huyo hapo, pua kwa pua."

Fundi, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda ameshika beseni, akakohoa. "Sista, naomba umwambie mama asimfiche daktari kitu."

"Na wewe pia! Kumbe ni ukoo mzima!"

Fundi aligeukia ukuta wakati daktari alipopapasa tumbo na kinena. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, na kila lilipotaka kusokota, mama alikaza meno asitoe sauti. Wakampeleka kupigwa eksirei, wakamrudisha. Daktari mwenyewe akaja na mashine ndogo ya altrasaundi ya magurudumu, akampaka mafuta ya baridi tumboni, akaangalia na kuangalia. Alipomaliza alivuta kiti akakaa, na Bi Taratibu akajua habari si nyepesi, kwa sababu watu wenye haraka wanapokaa, lipo jambo.

"Mama, utumbo wako mwembamba umeziba. Hilo nina hakika nalo. Kilichouziba ndicho sikijui." Alikuna kidevu. "Mtu mzima akizibwa hivi, mara nyingi tunakuta makovu ya upasuaji wa zamani yamenasa utumbo. Wewe huna hata kovu. Au ni ngiri, nayo nimeitafuta hapa kinenani na kitovuni, haipo. Uvimbe unaweza kuwa, ila unaniambia hali hii huja na kuondoka. Zipo sababu nyingine, za nadra, kila moja ina mahali pake pa kuitafutia. Ile mashine kubwa ya picha ingetusaidia, lakini yetu imeharibika, na ya karibu ni safari ya siku nzima."

"Sista, muulize daktari," Fundi akasema, "sasa tunafanya nini?"

Daktari alijibu bila kumsubiri sista. "Tunaweza kungoja na huu mpira mpaka kesho. Pengine utumbo utaachia wenyewe kama zamani. Ila kama kuna mahali umebanwa, sehemu ile haipati damu, na nikingoja itakufa ndani ya mama. Au nipasue sasa hivi bila kujua ninakwenda wapi, na mwili wenyewe ndio huu." Aliutazama mkono wa Bi Taratibu juu ya shuka. Ulikuwa mwembamba kama ufito. "Ndiyo maana nauliza tena, mama. Kuna mahali pengine popote panapouma? Hata kama unaona hapahusiani na tumbo."

Bi Taratibu alimeza mate, na mpira ukamkwaruza kooni.

"Goti," akasema.

"Lipi?"

"La kulia."

Daktari alilishika goti. Akalikunja, akalibonyeza huku na huku, akaweka kiganja juu yake kusikiliza kama lina joto.

"Goti hili ni zima kabisa, mama."

"Limechuliwa sana," Fundi akawaambia watu wote na ukuta.

Daktari hakucheka. Alikuwa akimtazama mgonjwa usoni, kama mtu aliyebisha hodi akasikia mtu anatembea ndani. "Maumivu yanaanzia hapahapa gotini?"

Hapo ndipo Bi Taratibu alipoona kwamba maisha yake yamefika kwenye neno moja. Daktari hakujua aanzie wapi kutafuta. Yeye alijua pa kuanzia, kwa kuwa mwili wake ulimwonyesha kila mara, tumbo na paja, paja na tumbo, wala hakutaka kuona. Na mkwewe yule pale, hatua mbili kutoka kitandani, beseni mkononi, masikio yote mawili yako wazi. Alifumba macho akaomba, si maombi marefu. Alimwambia Mungu: wewe ndiwe uliyeliumba goti, na paja ni wewe huyohuyo, na sijapata kusikia kwamba ulipolimaliza uliona haya. Kisha akamwona Kasuku, peke yake mlangoni, soksi mbili zisizofanana.

Akajaribu njia ya mkato kwanza.

"Sista, mwambie baba Kasuku akaninunulie maji ya kunywa."

"Sista," Fundi akajibu upesi, "mkumbushe mama kwamba daktari amekataza maji."

"Basi akanunue sabuni."

"Sabuni nimekuja nayo. Miche miwili."

Muuguzi alishika kiuno, akawaangalia mmoja baada ya mwingine, na safari hii hakuwa na mzaha. Tumbo likasokota tena. Bi Taratibu akajikaza, likapita, akafumbua macho na kumtazama mkwewe sawasawa usoni. Aliona kwamba kijana yule ameanza kuota mvi juu ya masikio, na kwamba ana hofu.

"Mwanangu," akamwambia. "Toka nje kidogo."

Beseni lilimponyoka Fundi likagonga sakafu na kuzunguka. "Ndiyo, mama," akasema, na akatoka kwa kwenda kinyumenyume mpaka pazia likamfunika.

"Haya," Bi Taratibu akamwambia daktari. "Sogea."

Akamwambia yote. Kwamba haliumi goti. Kwamba maumivu yanaanzia juu, ndani kabisa ya paja, yanashuka kama uzi wa moto na kuishia gotini. Kwamba hayaji peke yake hata siku moja, yanakuja na tumbo, na tumbo likiachia nayo yanakwenda zake. Akinyoosha mguu yanazidi, akiukunja yanampa nafuu, na ndiyo maana usiku hulala amejikunja kama kichanga.

Daktari alisimama.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nimzike mwanangu. Mwaka wa kwanza yalikuwa madogo."

"Nisamehe, nitakuumiza kidogo." Alishika mguu wa kulia, akaunyoosha polepole, kisha akausogeza nje na kuugeuzia ndani. Bi Taratibu, aliyekaza meno tangu jana, alipiga ukelele uliowageuza watu ukumbini.

Daktari aliirudisha mashine yake. Mara hii hakuiweka tumboni. Aliomba ruhusa, muuguzi akapanga shuka vizuri, akakiweka kile kishikio juu kabisa ya paja kwa ndani, akakikandamiza. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza skrini ili mama aone, ingawa yeye aliona ukungu tu.

"Huyu hapa," akasema kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kumwamsha. "Kipande cha utumbo. Nilikuwa nakitafuta juu, kumbe kimejificha huku chini. Ni ngiri, mama, ila ya aina ambayo haitokezi nje. Kwenye mfupa wa nyonga kuna kitundu, mshipa wa fahamu wa paja unapita hapo. Utumbo umeingia humohumo, umebanwa, nao unaubana mshipa. Ndiyo maana paja linalia."

"Na kitundu kimetoka wapi?"

"Kila mtu anacho. Huwa kimezibwa na mafuta ya mwili. Kinamama waliozaa sana, wakikonda sana, mafuta yanakwisha na mlango unabaki wazi." Aliutazama tena ule mkono mwembamba. "Mama, ulikuwa mwembamba hivi siku zote?"

"Nilikuwa na mwili wangu mzuri tu."

"Sasa chakula unakula?"

Bi Taratibu akasema na hilo pia. Tangu msiba ule chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Alipika, akapakua sahani ya baba na sahani ya mtoto, na Kasuku akitumwa kuuliza mbona bibi hali, alijibiwa kwamba bibi amekwisha kuonja jikoni, ameshiba. Kasuku alipeleka jibu kama alivyopewa, na baba alilipokea.

Nyuma ya pazia kulisikika mtu akivuta pumzi ndefu, ya mkwaruzo. Pazia ni kitambaa tu.

"Atakuwa amesikia kila kitu," muuguzi akanong'ona.

"Mwache," Bi Taratibu akasema. Haya ilikuwa imemfika, imempita, na yeye bado yuko hai. "Mwite aingie."

Fundi aliingia akiwa ameangalia viatu vyake. Daktari akamweleza kwamba hakuna kungoja, mama anapasuliwa sasa hivi, na kwamba kwa kuwa wanajua pa kwenda, matumaini ni makubwa kuliko yalivyokuwa asubuhi. Bi Taratibu aliweka sahihi yake mwenyewe, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Muuguzi alikwenda kutafuta machela.

Walibaki wawili, hakuna mtoto, hakuna paka.

"Mama," Fundi akasema, akimtazama bega. "Kila siku nilikuwa naona sahani mbili."

"Usijilaumu, baba. Nilikuwa nadanganya vizuri."

"Nilidhani nikisema utaona nakuhesabia chakula." Alifuta uso kwa mkono, kipande cha sponji kikamganda kwenye nyusi. "Mimi sina mama mwingine. Yule aliyenizaa alikwenda kabla sijajua kutembea. Huyo daktari akikufungua, uwe unajua kwamba nyumbani tunakungoja. Si Kasuku peke yake."

Bi Taratibu alinyanyua mkono wenye dripu, akakiondoa kile kipande cha sponji. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa.

"Mtoto atoke shule akukute nyumbani," akamwambia. "Mpikie. Chumvi usizidishe."

Upasuaji ulikwisha jua likiwa bado halijazama. Daktari alitoka akiwa amevua kofia, nywele zimelala, akamkuta Fundi amekwisha kurudi ukumbini, Kasuku amelala mapajani pake na sare za shule. Akasema waliukuta utumbo umebanwa, umekuwa mweusimweusi, wakauchomoa taratibu na kuufunika kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu, wakasubiri mpaka ukaanza kurudia rangi yake. Hawakukata hata kipande. Kitundu wamekiziba. Fundi akawa anampigapiga daktari begani mpaka yule kijana akayumba.

Ila kazi haikuwa imekwisha. Utumbo uliobanwa huwa na kiburi, muuguzi alisema, unaweza kugoma kufanya kazi. Mpaka mama atoe upepo, hapewi uji wala maji ya kunywa. Kwa hiyo kila asubuhi daktari alifika miguuni pa kitanda na kuuliza swali moja.

"Mama, upepo?"

"Bado, mwanangu."

"Tutasubiri."

Wodi nzima ikaanza kusubiri. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyefungwa bendeji mguu mzima, aliuliza kabla ya kusalimia. Fundi alikuja kila mchana, akakaa kwenye kiti kilekile, akasimulia habari za Kasuku kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kujikwaa, kama mtu anayejifunza lugha. Bi Taratibu alimjibu. Lakini upepo haukuja, tumbo lilianza kujaa tena kidogo, na asubuhi ya tatu daktari aliposema tutasubiri, hakutabasamu.

Mchana huo Fundi alikuwa akieleza jinsi alivyounguza chakula, Bi Taratibu akasikia kitu kikitembea. Kilianza mbali, upande wa kushoto, kikanguruma, kikageuka kona. Mara moja mwili wake wote, kwa mazoea ya maisha mazima, ukakaza. Mkwe amekaa hapo! Subiri kwanza aondoke.

Kisha akajiuliza ni nani anamwonea haya na kwa faida ya nani. Akalegea.

Haukuwa upepo wa siri. Mgonjwa wa dirishani aliacha kutafuna.

Fundi alikatiza maneno katikati. Aligeuza uso kuelekea dirishani, akatazama nje kwa makini kama mtu anayehesabu mawingu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Bi Taratibu alidhani anacheka, na alikuwa anacheka, lakini alipogeuka machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Mungu ni mkubwa," akasema.

"Usinichekeshe, mwanangu, mshono!"

Lakini Fundi alikwisha kusimama, kiti kimeanguka, anakimbilia ukumbini na sauti yake imejaa wodi nzima. "Sista! Sista! Mama ametoa! Nimesikia mwenyewe!"

Mgonjwa wa dirishani akapiga makofi. Bi Taratibu akajifunika shuka gubigubi, kichwa na kila kitu, akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akacheka kwa uangalifu, kidogokidogo, mpaka aliposikia viatu vya muuguzi vinakuja mbio na kikombe kinagonga sinia.